Kuhariri Maumbo na Kubadili Ukubwa Wake katika Inkscape, kwa Mfano wa Mchoro wa Kanga

Anayechora kwa kompyuta hutumia muda mfupi kuchora maumbo mapya na muda mrefu zaidi kuyarudia yale aliyokwisha kuyachora, akiyakuza, akiyapunguza, akiyazungusha au akiirekebisha sehemu moja huku nyingine zikibaki kama zilivyokuwa. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo katika Inkscape, programu ya michoro ya vekta (yaani michoro inayohifadhiwa kama mistari na maumbo ya kihesabu, si kama vinukta vya picha) iliyoanza mwaka 2003 kama tawi la programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, ambayo hupatikana bila malipo kwa Windows, macOS na Linux na huhifadhi kazi zake katika faili za SVG. Maelezo yanafuata matoleo ya kuanzia 1.0, lililotoka mwaka 2020, ingawa mengi yanafaa pia kwa matoleo yaliyotangulia.

Mfano nitakaoutumia ni mchoro wa kanga, kwa sababu sehemu zake tatu zina tabia tofauti zinapobadilishwa ukubwa. Pindo linalozunguka kingo nne limejengwa kwa umbo dogo linalorudiwa mara nyingi. Mji ulio katikati hubeba mapambo makubwa yenye mistari minene na myembamba. Na jina, yaani yale maneno yanayosomeka upande wa chini wa mji, ni maandishi, na maandishi yakivutwa vibaya hata asiyejua kuchora huliona kosa mara moja. Atakayeweza kuzibadili sehemu hizo tatu bila kuziharibu hatapata shida na nembo, bango wala kadi ya harusi.

Kabla ya kugusa kipanya kuna swali la kujiuliza: ni nini kikue na ni nini kibaki? Umbo lina upana na kimo, lakini pia lina mstari wa ukingo wenye unene wake, na pengine lina pembe zilizoviringwa au rangi inayofifia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Programu inaweza kuvikuza vyote hivi kwa pamoja au kuviacha vingine vilivyo, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kukiburuta kishikio kilekile kwa umbali uleule na kupata matokeo yasiyofanana.

Ukurasa na vipimo

Kanga moja ina ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110. Hakuna haja ya kuichora kwa ukubwa huo. Ni rahisi zaidi kutumia skeli ya moja kwa kumi, yaani ukurasa wa milimita 150 kwa 110, ambao hata printa ya kawaida ya A4 inaweza kuuchapisha ili uutazame ukiwa mkononi. Bonyeza Ctrl+Shift+D ili kufungua dirisha la sifa za hati, chagua milimita kuwa kipimo cha ukurasa na pia cha kuonyeshwa kwenye skrini, kisha andika upana na kimo. Kwa skeli hii kila milimita ya mchoro ni sentimita moja ya kitambaa, kwa hiyo mstari wenye unene wa milimita 0.1 utakuwa milimita 1 kwenye nguo. Mimi sishuki chini ya hapo, kwa kuwa mstari unaoonekana vizuri kwenye skrini iliyokuzwa unaweza kupotea kabisa rangi inaponyonywa na pamba.

Pikseli si kipimo kizuri kwa kazi inayokwenda kuchapishwa. Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa kila inchi moja, yaani milimita 25.4, lakini matoleo yaliyotangulia 0.92, ambalo lilitoka mwaka 2017, yalihesabu pikseli 90. Ukifungua faili la zamani, programu inaweza kukuuliza namna ya kulibadilisha; na ikiwa umeshapita swali hilo na ukaona kwamba kila kitu kimekuwa kidogo kuliko vipimo vilivyoandikwa kwenye oda, chagua mchoro wote na uukuze kwa asilimia 106.67, ambayo ni 96 kugawanya kwa 90.

Kuchagua umbo sahihi

Makosa mengi ya kubadili ukubwa huanzia kwenye uchaguzi. Zana ya kuchagulia ni ile ya mshale mweusi, na huitwa kwa kitufe cha S au F1. Bofya umbo mara moja na vishikio vinane vya mishale vitalizunguka. Hivyo ndivyo vya kukuzia na kupunguzia. Bofya tena umbo hilohilo na vishikio vitabadilika, vile vya pembeni vikawa vya kuzungushia na vile vya katikati ya kila upande vikawa vya kulifanya umbo lilale kiupande. Anayeanza mara nyingi hubofya mara mbili bila kukusudia, kisha akashangaa kwa nini umbo linazunguka badala ya kukua.

Ili kuchagua maumbo kadhaa, shikilia Shift huku ukiyabofya moja baada ya jingine, au buruta kisanduku kuanzia mahali patupu. Kisanduku hicho huchagua tu yale maumbo yaliyoingia ndani yake yote. Umbo lililofunikwa na jingine huchaguliwa kwa Alt na kubofya, na kila unapobofya tena unashuka hatua moja chini. Katika baadhi ya mifumo ya Linux, Alt imeshikwa na mfumo wenyewe kwa ajili ya kusogeza madirisha, na hapo itabidi ubadilishe mpangilio huo au utumie Tab kupita umbo baada ya umbo. Umbo lililo ndani ya kikundi huchaguliwa kwa Ctrl na kubofya, bila ya kukivunja kikundi. Jambo hili la mwisho lina faida kubwa katika kanga, ambako pindo zima huwa limefungwa kuwa kikundi kwa Ctrl+G, na unachotaka kurekebisha ni ua moja tu lililopotoka.

Kuburuta, na vitufe vinavyoongoza mkono

Ukiburuta kishikio cha pembeni bila kushika kitufe chochote, umbo linafuata mkono wako, na uwiano wa upana na kimo unavunjika. Shikilia Ctrl na uwiano utabaki. Shikilia Shift na umbo litakua kutoka kiini chake kwenda pande zote badala ya kuuacha upande wa pili umesimama. Vitufe hivyo viwili vinaweza kushikwa kwa pamoja, na kwa pambo kubwa la katikati ya mji hiyo ndiyo njia ya kawaida, kwa kuwa pambo hukua bila ya kuondoka katikati. Alt hulazimisha umbo likue kwa mara kamili, yaani mara mbili, mara tatu, au lipungue hadi nusu au theluthi. Unapozungusha, Ctrl hufanya umbo liende kwa hatua za nyuzi 15.

Kibodi ni sahihi kuliko mkono. Alama ya > hukuza umbo kidogo na < hulipunguza. Zikishikwa pamoja na Ctrl, ya kwanza huongeza ukubwa mara mbili na ya pili huupunguza hadi nusu. Mabano ya mraba huzungusha kwa nyuzi 15, na yakiwa pamoja na Ctrl huzungusha nyuzi 90 kamili, jambo linalohitajika kila unapolipeleka pindo la juu kuwa pindo la ubavuni. H hugeuza umbo kushoto kulia kama kwenye kioo, na V hugeuza juu chini. Ukikosea, Ctrl+Z hurudisha hatua moja nyuma, na Ctrl+Shift+Z huirejesha uliyoitendua.

Kuandika namba badala ya kukisia

Zana ya kuchagulia inapokuwa imewashwa, juu ya ukurasa hutokea visanduku vinne: X na Y vya mahali umbo lilipo, W cha upana na H cha kimo. Andika namba, bonyeza Enter, na umbo litatii. Kati ya W na H kuna kufuli dogo. Likifungwa, ukibadilisha kimoja cha pili hufuata kwa uwiano. Visanduku hivi hukubali hata hesabu, kwa hiyo badala ya kutafuta kikokotoo unaweza kuandika 120/15 na programu ikakufanyia. Tangu toleo la 1.0, Y huhesabiwa kutoka juu ya ukurasa kwenda chini, wakati zamani ilikuwa kinyume, na anayefuata mafunzo ya miaka ya nyuma ataona vitu vyake vikitokea mahali asipopategemea.

Kuna mtego mmoja hapa ambao huwasumbua hata wazoefu. Tuseme umechora fremu ya mji yenye milimita 120 kwa 80, ukaipa mstari wa ukingo wenye unene wa milimita 1. Nusu ya unene wa mstari huo hulala ndani ya umbo na nusu nje yake, kwa hiyo kisanduku cha W kitaonyesha 121 na cha H kitaonyesha 81, kwa kuwa Inkscape kwa kawaida hupima hadi mwisho wa rangi inayoonekana. Ukiandika 120 ukidhani unasahihisha, umbo lenyewe litapungua, na fremu haitakutana tena na pindo. Fungua mapendeleo kwa Ctrl+Shift+P, nenda kwenye sehemu ya zana, na uchague kipimo cha kijiometria, ambacho hakijali mstari wa ukingo. Kwa michoro inayopangwa kwa hesabu, kama kanga, vigae au nakshi za mlango, ningeshauri kipimo hiki kitumike wakati wote. Kile cha kuonekana kinafaa zaidi unapotaka kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachovuka ukingo wa karatasi.

Kwa mabadiliko ya asilimia, au pale unapotaka maumbo mengi yabadilike kila moja kwa nafasi yake, fungua dirisha la mageuzi kwa Ctrl+Shift+M. Lina kurasa za kusogeza, kukuza, kuzungusha na kulaza. Chini yake kuna kisanduku cha kulitendea kila umbo peke yake. Kikiwa hakijawekwa alama, maumbo thelathini yaliyochaguliwa hukua kama kitu kimoja na nafasi zilizo baina yake hukua pia. Kikiwekwa alama, kila moja hukua pale lilipo na nafasi hupungua. Ukiwa umejaza mji kwa nyota ndogondogo na ukaona ni hafifu mno, ni chaguo hili la pili unalolihitaji.

Vitufe vinne vinavyoamua nini kikue

Upande wa kulia wa vile visanduku vya namba kuna vitufe vinne vidogo ambavyo wengi huvipita bila kuvitazama, navyo ndivyo vinavyolijibu lile swali la mwanzo. Cha kwanza huamua iwapo unene wa mstari wa ukingo utabadilika pamoja na umbo, cha pili kinahusu mviringo wa pembe za mistatili, cha tatu kinahusu rangi zinazofifia, na cha nne kinahusu ruwaza zilizojaza umbo.

Kile cha kwanza kina uzito kuliko vingine vyote. Ukinakili ua la mji, ukalipunguza hadi robo ili litumike kwenye pembe ya pindo, na kitufe hicho kimewashwa, mstari wa milimita 0.4 utakuwa 0.1, kikiwa kimezimwa utabaki 0.4, na petali zitaonekana kama zimechorwa kwa kalamu nene mno. Hakuna jibu moja la kudumu. Unapokuza au kupunguza mchoro mzima kutoka skeli moja kwenda nyingine, kiwashwe, la sivyo kanga ya sentimita 150 itatoka na mistari ya milimita 0.1. Unapotengeneza maumbo ya ukubwa mbalimbali yatakayokaa jirani, kizimwe, ili mistari yote ilingane unene na kazi ionekane imetoka katika mkono mmoja. Programu hukumbuka hali uliyoiacha, hata ukiifunga na kuifungua kesho yake, kwa hiyo inafaa kukitazama kitufe hicho kila unapoanza kazi.

Kuhusu pembe, chukua fremu ya jina yenye upana wa milimita 70 na kimo cha milimita 8, ambayo pembe zake zina nusu kipenyo cha milimita 4, hivyo ncha zake mbili ni nusu duara kamili. Maneno yamekuwa marefu na unataka upana wa milimita 90. Ukiivuta kwa zana ya kuchagulia huku kitufe cha pembe kimewashwa, mviringo utanyooshwa kwa mlalo hadi takriban milimita 5.14 huku wima ukibaki 4, na ncha zitakuwa mayai. Kizime kitufe hicho, au, vizuri zaidi, bonyeza R ili kuichukua zana ya mistatili na uivute fremu kwa vishikio vyake vya mraba. Zana hiyo hubadilisha upana peke yake na kuziacha pembe zilivyo. Kishikio cha duara kilicho pembeni ndicho cha kubadilishia mviringo wenyewe.

Rangi zinazofifia na ruwaza hazihitaji maelezo marefu: viache vitufe vyake vimewashwa, isipokuwa pale unapotaka rangi ibaki imesimama mahali pake huku umbo likisogea juu yake.

Pindo: kurudia umbo bila kulinyoosha

Tuseme pindo lina upana wa milimita 15 na limepambwa kwa korosho. Ukitoa pembe nne, ambazo zitapewa pambo lake, ukanda wa juu unabaki na milimita 120 na ule wa ubavuni milimita 80. Kabla ya kuchora, tafuta namba inayogawanya urefu wote miwili bila baki. Milimita 7.5 inaingia mara 16 katika 120, lakini katika 80 haiingii kwa ukamilifu. Milimita 8 inaingia mara 15 juu na mara 10 ubavuni. Basi kila korosho itapewa milimita 8, ambapo umbo lenyewe lina 6.5 na nafasi ina 1.5.

Chora korosho moja na uiweke nje ya ukurasa, pembeni, kama kielelezo. Ikiwa imechaguliwa, bonyeza Alt+D upate nakala mfuasi, yaani nakala inayofuata kila badiliko la ile ya asili. Kisha, nakala hiyo ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, bonyeza Ctrl+D mara kumi na nne. Ukirudia Alt+D badala yake, kila nakala itaifuata iliyotangulia badala ya kuifuata asili, na mlolongo huo huleta vurugu pale mojawapo inapofutwa. Nakala ya kwanza ipe X ya milimita 15.75 na ya mwisho 127.75, zote zikiwa na Y moja. Chagua zote kumi na tano, fungua dirisha la upangaji kwa Ctrl+Shift+A, na uamuru nafasi za mlalo ziwe sawa. Ukanda umekamilika, na ukitaka kuibadili korosho, unaigusa ile moja iliyo nje ya ukurasa na zote kumi na tano zinabadilika.

Faida ya mpango huu huonekana pale mteja anapoomba kanga ya sentimita 160 kwa 115. Njia ya haraka ni kuchagua kila kitu na kuandika vipimo vipya, lakini upana utakua kwa asilimia 6.67 na kimo kwa asilimia 4.55, kwa hiyo kila duara litakuwa yai na kila ua litatanuka. Pengine tofauti ni ndogo na mnunuzi hataiona, fundi ataiona. Njia ya uangalifu ni kuiacha korosho na milimita zake 6.5 na kuibadilisha idadi pamoja na nafasi. Ukanda wa juu sasa una milimita 130, ambazo zinachukua korosho 16 kwa hatua ya milimita 8.125, nafasi zikiwa 1.625. Ukanda wa ubavuni una milimita 85: korosho 10 zingeacha nafasi za milimita 2, na 11 zingeacha nafasi za 1.23 hivi. Ile ya awali ilikuwa 1.5, kwa hiyo 11 ndizo zinazokaribia, na jicho halitaona kwamba nafasi za juu na za ubavuni zimepishana kwa chini ya nusu milimita.

Kubadili sehemu moja ya umbo

Wakati mwingine ukubwa wa umbo hauna tatizo, ila mkia wa korosho ni mfupi au petali moja imebanana. Hapo zana ya kuchagulia haisaidii, kwa sababu humchukulia mgonjwa mzima kwa kidonda cha kidole. Bonyeza N au F2 ili kuichukua zana ya nodi. Mistari ya umbo itaonyesha vinukta, ambavyo ndivyo nodi, na kila nodi iliyochaguliwa kwenye mpindo hutoa mikono miwili inayoamua mstari upinde kiasi gani na uelekee wapi.

Ikiwa umbo lilichorwa kwa zana ya mstatili, duara au nyota, kwanza ligeuze kuwa njia, yaani mstari wa kawaida unaohaririwa nodi kwa nodi, kwa Ctrl+Shift+C. Tangu hapo vile vishikio vyake maalumu, kama kile cha mviringo wa pembe, havitakuwepo tena, kwa hiyo ni vyema kubaki na nakala ya awali. Nakala mfuasi nazo hazina nodi za kuhaririwa. Ihariri asili yake, na kama umeisahau ilipo, Shift+D itakupeleka.

Ili kuurefusha mkia, buruta kisanduku kuzizunguka nodi za mkia tu, kisha uziburute huku umeshika Ctrl ili zisitoke kwenye mlalo au wima. Nodi zilizochaguliwa hukubali pia alama za > na < na mabano ya mraba, kwa hiyo unaweza kuuvimbisha au kuuzungusha mkia huku mwili wa korosho umetulia. Mstari ukibofywa mara mbili hupata nodi mpya, na Delete huiondoa iliyochaguliwa. Shift+S huifanya nodi kuwa laini, na Shift+C huifanya kuwa kona kali.

Nodi chache ni bora kuliko nyingi. Umbo lililofuatishwa kutoka kwenye picha kwa njia ya kiotomatiki huweza kuwa na mamia ya nodi, na kila ukisogeza moja unazalisha kigugumizi kwenye mstari. Ctrl+L huzipunguza, ila ukiirudia mara nyingi huanza kulainisha hata zile kona ulizozitaka, kwa hiyo tazama matokeo kila baada ya kuibonyeza.

Jina

Maandishi yaliyochaguliwa kwa zana ya kuchagulia yana vishikio kama umbo lolote, na hapo ndipo majina mengi huharibiwa: maneno hayajai fremu, mtu anavuta kishikio cha upande, na herufi zinakuwa pana huku nguzo zake za wima zikinenepa kuliko milalo. Badala yake, weka ukubwa kwanza kwa kimo kinachotakiwa kisomeke. Katika fonti nyingi herufi kubwa huwa na kimo cha takriban asilimia 70 ya ukubwa uliotajwa, na pointi moja ni milimita 0.353, kwa hiyo ukitaka herufi za milimita 5 katika mchoro, ambazo ni sentimita 5 kwenye nguo, anza na pointi 20 kisha pima kwa kisanduku cha H.

Upana unaobaki ujazwe kwa nafasi baina ya herufi. Bonyeza T, bofya ndani ya maandishi, kisha tumia Alt pamoja na > kuzitawanya au Alt pamoja na < kuzikaribisha. Maneno kama HARAKA HARAKA HAINA BARAKA yanavumilia kutawanywa vizuri kwa sababu yameandikwa kwa herufi kubwa tupu. Ikiwa bado hayatoshi au yamezidi, badilisha ukubwa kwa kishikio cha pembeni ukiwa umeshika Ctrl, au badilisha fremu kwa njia iliyoelezwa hapo juu. Fonti yenye herufi nyembamba tangu kuundwa kwake ni suluhisho la heshima. Fonti ya kawaida iliyobanwa kwa nguvu si suluhisho.

Picha zilizoingizwa

Kila kilichosemwa hadi hapa kinahusu maumbo ya vekta, ambayo hukua bila kupoteza ukali. Picha ya kamera iliyoingizwa kwenye mchoro haina uwezo huo, ingawa Inkscape itakuruhusu kuivuta utakavyo. Hesabu yake ni rahisi: picha yenye upana wa pikseli 1200 ikichapishwa kwa milimita 101.6 ina pikseli 300 kwa inchi, nayo itatoka safi. Ikitandazwa upana wote wa kanga, milimita 1500, zitabaki pikseli 20 tu kwa kila inchi, na vijiraba vitaonekana waziwazi. Kama picha ni ya rangi chache, kwa mfano nembo iliyoskaniwa, Shift+Alt+B hufungua dirisha la kuigeuza kuwa vekta. Kama ni sura ya mtu, kama zile za kanga za kampeni na za maadhimisho, tafuta picha kubwa zaidi kutoka kwa aliyeipiga.

Kuitoa kazi kwa ukubwa wake kamili

Mchoro wa moja kwa kumi hukuzwa mwishoni, na ni afadhali ufanywe katika nakala ya faili kuliko katika faili lenyewe. Katika nakala hiyo, yageuze maandishi yote kuwa njia kwa Ctrl+Shift+C, kwa sababu mashine ya mchapishaji ikikosa fonti yako itaweka nyingine na jina litavuka fremu. Fungua matabaka yote yaliyofungwa na uondoe kielelezo cha korosho kilicho nje ya ukurasa, lakini kwanza zikate nakala wafuasi kutoka kwenye asili yake kwa Shift+Alt+D, kwa sababu, kulingana na mapendeleo ya programu, kuifuta asili kunaweza kuzifuta na nakala zake. Washa vitufe vyote vinne vya ukuzaji, chagua yote kwa Ctrl+Alt+A, fungua dirisha la mageuzi, andika asilimia 1000 kwa upana na kimo, na uhakikishe kwamba kisanduku cha kulitendea kila umbo peke yake hakina alama. Baada ya hapo Ctrl+Shift+R huukata ukurasa ulingane na mchoro. Soma W na H: ziwe milimita 1500 na 1100.

Mpe mchapishaji faili la PDF. Akisisitiza PNG, yaani picha ya pikseli, huhitaji kukuza chochote, kwani unaweza kuitoa kutoka kwenye mchoro mdogo kwa Ctrl+Shift+E huku ukiongeza idadi ya pikseli kwa inchi. Kwa pikseli 150 kwa inchi kwenye kitambaa, mchoro wa moja kwa kumi unahitaji 1500, na picha itakuwa na upana wa takriban pikseli 8858 na kimo cha takriban 6496. Ukiiacha namba 96 inayojiweka yenyewe, utatoa picha ya pikseli 567 tu kwa upana, ambayo inatosha kumtumia mteja kwenye simu aione, na haitoshi kwa kingine chochote.